Mkondo ni wa Nani? Tuandike Sheria ya Umeme wa Bahari Kabla ya Mtambo Kufika

Mada iliyotolewa kwenye mkutano wa vijana wa chama, Kusini Unguja. Tumeiacha kama ilivyosemwa, tumepunguza marudio tu.

  

Kwanza nimshukuru katibu kwa kubadilisha saa. Ratiba ya mwanzo ilisema saa nne asubuhi. Jamani, leo bamvua! Saa nne asubuhi ya bamvua huku kwetu maji yamepwa mpaka kule mwambani na mama zetu wote wako kwenye mwani. Tungezungumza habari za bahari na viti vitupu. (Kicheko.) Basi tumekutana saa nane, maji yanajaa, wamerudi, wamekoga, wamekuja. Karibuni sana mama zetu.

Mimi nasoma sheria. Si mhandisi, na nimeomba niseme hilo mapema ili asije mtu akaniuliza mtambo unafungwa kwa bolti ngapi. Upande wa mitambo nitapita mbio, nitasema lile nililolielewa. Upande wa sheria nitakaa, kwa sababu kama tutaibiwa, tutaibiwa huko.

Nianze na jambo ambalo wengi humu ndani tunalikumbuka. Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja. Mimi nilikuwa mdogo, nasoma skuli ya msingi mjini. Siku ya kwanza tulifurahi, maana tulicheza nje mpaka usiku. Siku ya pili bomba likakauka, kwa sababu pampu za maji zinatumia umeme. Hapo furaha ikaisha. Mama alikuwa anatoka alfajiri na madumu, anarudi jua limepanda, na sisi tunamsubiri ndipo tuoge twende skuli. Mlango wa pili walikuwa na jenereta, basi usiku kucha ni kelele na moshi. Ami yangu alikuwa anauza samaki wa barafu; baada ya wiki mbili aliuza jokofu lenyewe. Umeme ulirudi Machi 2010. Miezi mitatu, nchi nzima ya Unguja. Na haikuwa mara ya kwanza, maana Mei 2008 tulikaa karibu mwezi mzima kizani.

Sababu ni nini? Waya mmoja. Unguja tulikuwa tunapata umeme kwa waya unaotoka Ras Kiromoni, Bara, unapita chini ya bahari na kuibukia Fumba. Ulilazwa mwaka 1980. Mwaka 2013 tukapata mpya kwa fedha za Marekani, wenye uwezo wa megawati 100. Pemba nayo ikapata wake kutoka Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norway; kabla ya hapo ilikuwa ni majenereta ya dizeli tu. Mtu asinielewe vibaya, waya ule ni neema. Lakini ni neema ya kukopa. Machi 2017 Rais Magufuli alipoiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wake wakubwa, Zanzibar ilikuwemo kwenye mazungumzo hayo. Nakumbuka wazee barazani walivyokuwa wanatafuta vibatari vyao, nusu mzaha, nusu kweli.

Sasa angalieni kitu kimoja. Ule waya umelala chini, na juu yake, kwenye mkondo wa Unguja, maji yanatembea. Usiku na mchana. Yanakwenda, yanarudi. Tunanunua umeme unaopita chini ya nguvu ambayo hatujawahi hata kuipima vizuri ina thamani gani.

Nguvu yenyewe mnaijua kuliko mimi. Bibi yangu Jambiani hajui kusoma saa lakini atakwambia kesho maji yatapwa saa ngapi. Mara mbili kwa siku yanajaa, mara mbili yanapwa, kila siku yanachelewa kiasi cha dakika hamsini kwa kuufuata mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, katikati yake maji mafu. Huku kwetu kwenye bamvua kubwa tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika kama mita nne. Umeme wa jua unazimika magharibi, wa upepo unategemea kusi na kaskazi, lakini maji kujaa na kupwa unaweza kuyaandikia ratiba ya mwaka 2050 leo hii. Hakuna nishati nyingine yenye adabu namna hiyo.

Wenzetu wameyatumia. Ufaransa wana bwawa kwenye mlango wa mto La Rance tangu mwaka 1966, megawati 240, na linafanya kazi mpaka leo. Korea Kusini wakajenga la Sihwa mwaka 2011, megawati 254. Kuna aina nyingine haihitaji bwawa. Ni mtambo wenye mapanga kama feni, unazamishwa kwenye mkondo, maji yakipita unazunguka. Scotland wanayo hiyo, kaskazini kabisa kwenye mkondo wa Pentland Firth. Hukohuko Scotland, tangu mwaka 2017, kuna mitambo mitano ya upepo inayoelea baharini kwenye maji marefu, imefungwa kwa minyororo chini. Wengine wanahangaika na mawimbi.

Tusidanganyane lakini. La Rance tofauti ya maji inafika mita kumi na tatu. Sisi nne, tena kwenye bamvua. Na nguvu ya mkondo haipandi kwa ngazi sawa: mwendo wa maji ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Maana yake ni kwamba mkondo wa wastani si nusu ya mkondo mkali, ni kidogo sana zaidi. Kwa hiyo si kila mahali penye maji yanayotembea panafaa. Hata hao walioendelea wameungua vidole. Mwaka 2008 Ureno waliweka baharini mitambo mitatu ya mawimbi, mirefu myekundu kama nyoka, dunia nzima ikapiga picha. Baada ya miezi michache ikavutwa nchi kavu, na kampuni iliyoitengeneza ikafilisika mwaka 2014. Bahari inakula chuma. Mvuvi yeyote mwenye mashine ya boti anajua.

Kwa hiyo mtu akija hapa kesho na laptopu na picha nzuri akawaambia miaka mitatu Zanzibar nzima itawaka kwa mawimbi, mpeni maji ya kunywa, mumsindikize. (Makofi.)

Kaka mmoja aliniuliza tukiwa njiani: kama ni hivyo, si tuweke sola tu, bei yake imeshuka? Ndiyo, tuweke. Mimi ningeanza na sola kesho asubuhi. Lakini Unguja ni kisiwa kidogo, ardhi tunagombania na hoteli, makazi na mashamba, na sola nayo duniani wameanza kuielea juu ya maji. Upepo nao ukiwa na nguvu zaidi uko kule nje. Siku si nyingi kila kitu kitaangalia baharini. Sera ya uchumi wa buluu ya serikali inaitaja nishati waziwazi kuwa ni sehemu yake. Mimi siipingi. Nauliza swali la mwanafunzi wa sheria, swali la kuchosha: mkondo ni wa nani?

Mwaka wa pili chuoni tulisoma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Ibara ya 56 inasema nchi yenye pwani ina haki zake, ndani ya ukanda wa uchumi wa bahari kuu, kutumia bahari kiuchumi, na inatoa mfano: kuzalisha nishati kutokana na maji, mikondo na upepo. Niliposoma nilishtuka, nikamwonyesha mwenzangu. Mwaka 1982! Wakati huo babu zetu wanapanga foleni ya sabuni, kuna mtu New York anaandika kwamba mkondo wa babu yangu ni mali. Mwaka 1989 Bunge likatunga sheria yetu ya bahari ya kitaifa na ukanda wa uchumi, ikazichukua haki zile, na inahusu Bara na Zanzibar.

Lakini soma vizuri. Ukanda ule unaanza baada ya maili 12 za bahari, unafika maili 200. Mikondo inayoweza kuzungusha mtambo kwa kawaida haiko maili 100 nje. Iko karibu, kwenye milango na kwenye mikondo kati ya visiwa. Mkondo wa Unguja wenyewe ni mwembamba, ukitoka pwani hii maili 12 na pwani ile maili 12 mmeshapishana. Huko ibara ya 56 haituhusu. Huko ni mamlaka kamili ya nchi. Na hapo ndipo penye mgogoro, kwa sababu nchi yetu ina serikali mbili.

Fungueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Nyongeza ya Kwanza, yale mambo 22. Tafuteni umeme. Haumo. Ndiyo maana Bara kuna TANESCO na EWURA, na huku kuna ZECO na ZURA, na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inasema yenyewe kwamba ni ya Bara. Tafuteni uvuvi. Haumo. Sasa tafuteni mambo ya nchi za nje, ulinzi na usalama, bandari: yamo. Basi kampuni ikitaka kuzamisha mtambo katikati ya mkondo, na waya wake mmoja utokee Fumba na mwingine Bagamoyo, itaomba kibali kwa nani? Mrabaha atachukua nani? Ukiuliza watu wawili wa serikali utapata majibu matatu. Mimi nimejaribu.

Mtasema huyu binti anatafuta ugomvi ambao haupo. Wazee mnakumbuka mafuta. Kwenye Katiba mafuta na gesi yameandikwa kuwa ni ya Muungano. Wazanzibari tukalalamika miaka na miaka, Baraza la Wawakilishi likasema yatoke. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Petroli inayoiachia Zanzibar isimamie yake, mwaka 2016 nasi tukatunga yetu, mwaka 2018 tukasaini mkataba wa kwanza wa utafutaji. Orodha ya Katiba haikuguswa. Yaani sheria ya kawaida imepita pembeni ya Katiba, na siku mafuta yakitoka kwa wingi, wakili mzuri wa kampuni au wa serikali yoyote atakwenda mahakamani na hoja mkononi. Hayajatoka hata pipa, tumeshatengeneza kesi.

Kwa umeme wa bahari bado tuna nafasi. Hakuna mtambo wala mwekezaji aliyekaa mezani na mkataba nusu umesainiwa. Ni nadra sana nchi maskini kupata nafasi ya kuandika sheria kabla hela hazijaanza kunong'ona. Nchi mbili zilizoungana zinaweza kugawana bahari bila kuvunjana, mfano upo. Scotland iko ndani ya Uingereza. Usimamizi wa ardhi ya chini ya bahari yao ulihamishiwa kwao kwa sheria ya mwaka 2016, na Januari 2022 walipotoa maeneo 17 ya bahari kwa kampuni za upepo, karibu paundi milioni 700 za kushikia maeneo hayo zikaenda kwenye mfuko wa serikali ya Scotland. Kwao wapo waliolalamika kwamba waliuza rahisi, na mimi naona wana hoja, maana waliweka kikomo cha bei wao wenyewe. Lakini waligombana kuhusu bei. Hawakugombana kuhusu nani mwenye mali.

Haya. Tuseme serikali mbili zimekubaliana. Je, na nyinyi?

Mama zetu wa mwani, hebu niwaulize. Nani hapa ana hati ya shamba lake la baharini? (Kimya. Kicheko.) Hakuna. Kilimo cha mwani kilianza huku kwetu Paje na Jambiani mwaka 1989. Zaidi ya miaka thelathini mama anajua vigingi vyake viko wapi, jirani anajua, sheha anajua. Bibi yangu amesomesha watoto watano kwa kamba zile. Ukienda kwa mwanasheria wa kampuni, kwenye ramani yake pale pameandikwa neno moja tu: maji. Mkulima wa mhogo akihamishwa kuna sheria ya fidia, atapewa kidogo, atapewa kwa kuchelewa, lakini kuna pa kuanzia. Mwenye mwani na mwenye dema anaanzia wapi?

Mkataba ule ule wa 1982, ibara ya 60, unaruhusu kuweka eneo la usalama kuzunguka mtambo wa baharini kwenye ukanda wa uchumi, mpaka mita 500. Siku watunga sheria wetu wakikinakili kipimo hicho kwa huku karibu, na wanapenda kunakili, piga hesabu. Mita 500 kila upande ni zaidi ya ekari 190. Viwanja vya mpira zaidi ya mia moja. Mtambo mmoja! Weka kumi mkabala na mahali wanapopita watu wa dago, uone. Ngalawa inayofuata upepo haina breki ya kukata kona.

Hapa ufukweni tumeshajifunza. Kuna njia niliyokuwa nikipita na bibi kwenda pwani nilipokuwa mdogo. Sasa ina ukuta wa hoteli moja na mlinzi anayetuuliza tunakwenda wapi. Hatukuuziwa wala kuulizwa. Ilitokea tu, na tulipoamka kulalamika karatasi zilikuwa zimeshagongwa mihuri. Sitaki baharini nako tuje tuulizwe tunakwenda wapi.

Na hili si la Zanzibar peke yake. Mtwara mwaka 2013 watu waliingia barabarani kwa sababu ya bomba la gesi. Waliona gesi inatoka kwao inakwenda Dar es Salaam na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza wao wanabaki na nini. Jeshi likapelekwa, watu wakapoteza maisha. Bomba likakamilika mwaka 2015. Wapo walioandika kwamba wananchi wale walikuwa hawaelewi uchumi. Mimi nasema walielewa sana, isipokuwa hapakuwa na mahali pa kisheria pa kulisemea kabla bomba halijaamuliwa. Barabara ikawa ndiyo mahakama.

Kwa hiyo sisi vijana tunadai nini? Nimeandika rasimu, kurasa sita, na nawaomba muichanechane. Cha kwanza kinaonekana kidogo lakini ndicho ninachokipenda zaidi: tupime, na vipimo viwe vya wazi. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko hapo mjini Unguja. Bandarini kina cha maji kinarekodiwa tangu miaka ya 1980. Wataalamu wapo. Wapewe fedha wapime mwendo wa mikondo mwaka mzima, kusi na kaskazi, kuanzia mlango wa Mafia mpaka Pemba, na matokeo yawekwe hadharani. Kisiwa kama Mafia, kilichotegemea dizeli miaka yote hii, ndiko pa kujaribia kitu kidogo, si megawati mia. Akipima mwekezaji peke yake, siku ya kujadili bei yeye anajua mali ina thamani gani na sisi tunabahatisha. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria mbili za kulinda utajiri wa asili, zikasifiwa sana. Sheria haiwezi kukulindia kitu ambacho hujui ni kiasi gani.

Cha pili, mgao baina ya serikali mbili uandikwe kwenye Katiba, si pembeni yake. Tunajua suala la Katiba mpya ni refu na chama chetu kimelisema mpaka sauti imekauka. Hii ni sababu moja zaidi.

Cha tatu ni chenu. Kamati za wavuvi za shehia, na zile BMU za wenzetu Bara, zipewe nguvu ya kukataa. Narudia, ya kukataa. Siku hizi neno ni "kushirikishwa". Unaitwa mkutanoni, unapewa soda, unasaini karatasi ya mahudhurio, kesho yake karatasi ile imekuwa ushahidi kwamba ulikubali. Mama mmoja wa hapahapa aliniambia jana, "Mwanangu, soda nimekunywa nyingi." Ramani ya mashamba ya mwani, madago na njia za vyombo ichorwe na wenyewe na isajiliwe kabla ya ombi la kwanza la kibali kupokelewa. Na umeme ukipatikana, kijiji kilichouangalia mtambo kisipitiwe na nguzo juu ya paa huku ndani wanawasha koroboi.

Kuna mambo nimeyaacha: ajira za vijana, mafunzo ya ufundi, kodi. Rasimu inayagusa, lakini kwa kweli sijayafanyia kazi vya kutosha na sitaki kuwapiga maneno.

Nakala ziko kwa katibu pale mlangoni, hamsini tu, ndizo fedha zilizopatikana, kwa hiyo mgawane. Anayejua kuandika amwandikie asiyejua. Maoni yarudi kabla ya bamvua lijalo, wiki mbili kutoka leo, halafu tutayapeleka kwa wawakilishi wetu na kwa kamati za wavuvi.

Sasa maswali. Naomba la kwanza litoke kwa mama zetu wa mwani, kwa sababu wao ndio wenye mbali pa kurudi na gari la mwisho linaondoka saa kumi na moja.